Miaka 40 ya Chama cha Kisukari: Fedha za Wafadhili Zilipozaa Kliniki

Chama cha Kisukari Tanzania (TDA) kilianzishwa mwaka 1985, enzi ambazo sukari ya dukani ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Ungemwambia mtu aliyesimama foleni asubuhi nzima kwa ajili ya kilo moja kwamba iko siku nchi hii itahangaishwa na ugonjwa wa sukari, angedhani unamtania. Mwaka 2025 chama kilitimiza miaka 40, na utani huo umekwisha zamani.

Msingi wa tunachokijua leo kuhusu kisukari nchini uliwekwa Muhimbili. Kuanzia mwaka 1981 Profesa Donald McLarty na wenzake Watanzania, akiwemo Andrew Swai, walianza kuwaandikisha wagonjwa wa sukari mmoja mmoja na kuwafuatilia: nani anaendelea, nani hakurudi, nani amekufa na kwa nini. Kufikia mwaka 1987 daftari lao lilikuwa na wagonjwa wapya 1,250. Kisha wakatoka hospitalini, wakaenda vijijini. Walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kuwa wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazilingani kwa umri wala kwa maeneo, kwa hiyo si haki kuziweka kwenye mizani moja. Hata hivyo, hakuna namna ya kuzisoma itakayomfanya mtu aseme hali imebaki ilivyokuwa.

Swali gumu lilikuwa la fedha, na madaktari wa Dar es Salaam hawakulikwepa. Mwaka 1992 walichapisha katika jarida la BMJ la Uingereza makala iliyouliza, katika kichwa chake, kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua barani Afrika. Hesabu zao za mwaka 1989/90 zilionyesha kwamba mgonjwa anayehitaji insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Kwa mgonjwa wa insulini anayetibiwa na kurudi nyumbani, zaidi ya theluthi mbili ya gharama ilikuwa insulini yenyewe. Hapo bado hujahesabu nauli ya basi wala siku ya kazi iliyopotea. Serikali ya wakati ule isingeweza kubeba mzigo huo peke yake, na mkulima ndiyo kabisa.

Hapo ndipo chama kilipopata kazi yake hasa. Wengi wetu tunakifahamu kwa matembezi ya Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, fulana za bluu na upimaji wa bure viwanjani. Shughuli hizo zina faida yake, lakini si kwa ajili yake tunaandika leo. Tunaandika kwa sababu TDA ilijifunza kazi ambayo taasisi nyingi hapa nchini hazijaiweza: kupokea ruzuku na kuigeuza kuwa huduma inayobaki mfadhili akishaondoka.

Chukua Wakfu wa Kisukari wa Dunia, ulioanzishwa Denmark mwaka 2002 kwa fedha za kampuni ya dawa ya Novo Nordisk. Kampuni inayouza insulini kufadhili wagonjwa wa kisukari ni jambo la kutazamwa kwa jicho la tahadhari, nasi tunalitazama hivyo. Lakini namna fedha hizo zilivyotumika hapa nchini inastahili sifa. Chini ya viongozi kama Profesa Swai na Profesa Kaushik Ramaiya, chama kilielekeza ruzuku kwenye mambo yasiyopendeza pichani: mafunzo ya madaktari, matabibu na wauguzi, na kufungua kliniki za kisukari katika hospitali za mikoa na baadaye za wilaya.

Asiyewahi kuuguza mgonjwa wa sukari huenda asione uzito wa kliniki. Kabla yake, mgonjwa huyu alipanga foleni moja na mwenye malaria na aliyevunjika mkono, akaonana na mganga mwingine kila alipokuja, na kila mganga akaanza upya. Kliniki inampa siku yake. Anapimwa sukari, presha na uzito, vinaandikwa kwenye kadi. Muuguzi anamkumbuka. Anaambiwa namna ya kupanga chakula kwa ugali uleule unaopikwa nyumbani, bila karatasi inayomtaka ale vyakula ambavyo sokoni kwao havipo. Asipotokea mwezi ujao, yupo wa kuuliza yuko wapi. Kisukari hakitibiwi kikaisha, kwa hiyo nusu ya matibabu ni huko kurudi, na mtu hurudi pale anapojulikana.

Mfano ambao tungependa kila mfadhili ausome ni wa miguu. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala wasijue, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo. Mtu anaamka asubuhi anaona damu kwenye shuka. Wengine walifika hospitali baada ya majuma, wakiwa wamepitia dawa za kila aina, na kilichobaki kilikuwa msumeno. Mradi wa huduma ya miguu ulioitwa Step by Step, uliofadhiliwa na wakfu huo wa Denmark, ulianza katikati ya miaka ya 2000 nchini Tanzania na katika baadhi ya nchi za Asia ya Kusini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi hadi unashangaa kwa nini haukufikiriwa mapema: kila kituo kilileta watu wawili, daktari na muuguzi wake. Walifundishwa pamoja, wakapewa vifaa vya kusafishia vidonda, wakarudishwa kazini, kisha wakaitwa tena kwa mafunzo ya juu wakiwa na wagonjwa halisi wa kusimulia.

Ujanja uko kwenye hiyo jozi. Daktari akihamishwa, na katika mfumo wetu daktari huhamishwa sana, muuguzi anabaki na ujuzi. Gari la mradi linaharibika, kompyuta inapitwa na wakati, lakini muuguzi anayejua kumvua mgonjwa viatu na kuzigusa nyayo zake atafanya hivyo mpaka astaafu, na atakuwa amewafundisha wengine.

Kwa watoto habari ni nyingine kabisa. Mwenye kisukari aina ya kwanza anahitaji insulini kila siku ya maisha yake, na zamani wengi walikufa kabla hawajajulikana wanaumwa nini, wakitibiwa malaria au wakidhaniwa wamerogwa. Kupitia mipango ya kimataifa ya Life for a Child na Changing Diabetes in Children, ambayo TDA imeshiriki kuifikisha kliniki, watoto na vijana wamepata insulini, glukomita za kupimia sukari ya damu na mafunzo bila malipo. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtoto huyu asipokipata cha nduguye hafikii hata huo umaskini.

Tukishapongeza, tuseme na yanayouma. Ruzuku ina tarehe ya mwisho, kisukari hakina. Mfadhili huchagua anachopenda kulipia, na kwa kawaida hapendi kulipia kinachotumika kikaisha. Ndiyo maana katika vituo vingi utakuta glukomita nzuri ndani ya droo, imelala, kwa sababu stripu zake zimekwisha na za aina nyingine haziingii. Kifaa hicho kilihesabiwa kwenye ripoti ya mradi kuwa mafanikio. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, huduma za UKIMWI zilizojengwa kwa miaka mingi zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika. Kisukari hakijawahi kupata hata sehemu ndogo ya fedha hizo, kwa hiyo hakikuwa na kikubwa cha kupoteza. Sijui kama hiyo ni faraja.

Udhaifu mwingine uko chini kabisa kwenye ngazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu vituo 24 vya kaskazini magharibi mwa nchi, ulikuta hospitali zina nafuu, lakini kadiri ulivyoshuka kwenye vituo vya afya na zahanati, ndivyo miongozo, vipimo, dawa za msingi na ujuzi wa kutibu presha na kisukari vilivyopungua. Zahanati ndiko wananchi wengi wanakoanzia. Mama wa kijijini akiambiwa achukue vidonge vyake hospitali ya wilaya kila mwezi, atakwenda mara mbili au tatu, kisha nauli itamshinda. Atarudi akiwa amebebwa. Kliniki ya wilaya ilikuwa hatua kubwa, ila imeishia njiani.

Hatua iliyobaki si ya wafadhili, wala si ya TDA peke yake. Mwaka 2019 serikali ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo, na kamati za usimamizi za vituo hivyo zina sauti katika kuzipangia matumizi. Kwa hiyo hoja ya kwamba zahanati haina fedha yake imepungua nguvu. Kiasi ni kidogo, tunajua, na kila mwaka wa bajeti mahitaji ya wajawazito na watoto hutangulia, nayo ni haki yao. Lakini metformini, kidonge cha kushusha sukari, si dawa ya bei ya kutisha, na kumpima mtu mguu kwa vidole hakugharimu chochote.

Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuwatumia wauguzi waliofundishwa na TDA miaka hii yote kwenda kuwafundisha wenzao wa zahanati, hapohapo wilayani, bila semina ya hotelini. Chama nacho kina deni: kiandike na kuchapisha kwa Kiswahili historia ya miradi yake, iliyofaulu na iliyokwama, ili halmashauri zisirudie makosa yaliyokwisha kulipiwa.

Nanyi wajumbe wa kamati za zahanati, mtakapokaa kupanga mwaka ujao wa fedha, andikeni kwenye orodha ya manunuzi stripu zinazolingana na glukomita mliyonayo na metformini ya miezi 12, na mchague siku moja ya mwezi iwe ya wagonjwa wa sukari.