Rudisheni Boti Zetu

Nina picha moja ambayo simpi mtu hata kwa dawa. Nimeketi ndani ya boti iliyochujuka rangi, kwenye ziwa la bustani ya Uhuru Park, nimevaa kaunda suti ya Krismasi iliyoshonwa kubwa makusudi ili nidumu nayo miaka mitatu, meno yote nje. Nyuma yangu jumba refu la mikutano la KICC limesimama kana kwamba nalo limelipiwa kuingia kwenye picha. Pembeni unaonekana mkono wa mama, mkono tu, umeng'ang'ania ukingo wa boti. Mama hakuyaamini yale maji, na mwenye boti hakumwamini kabisa.

Nyumba nyingi za Nairobi zina picha hii hii. Badilisha nguo, badilisha mtoto, jumba ni lile lile. Ukifungua albamu ya familia Kayole, Kangemi au Dandora utaikuta. Nimewahi kuikuta hata mashambani kwa nyanya ya mtu, imebandikwa kando ya kalenda, ushahidi kwamba wajukuu wanaishi vizuri huko mjini.

Kisha mwaka 2021 wakuu wa jiji waliizungushia Uhuru Park mabati, wakatuambia twende nyumbani. Eti inakarabatiwa.

Nimeishi mjini hapa muda wa kutosha kulijua neno hilo. Soko likikarabatiwa, mama mboga hurudi akakuta vibanda vimeandikwa majina ya watu ambao hajawahi kuwaona wakiuza hata fungu la sukuma wiki. Kituo cha matatu kikikarabatiwa, abiria ndio huhamishwa. Ukarabati wa Nairobi humwondoa kwanza mtu, kisha ndipo hutafutwa rangi ya kupaka ukuta. Basi msinishangae nikisema kwamba Uhuru Park tuliyoijua ilifungwa, na kwamba nyuma ya mabati iliandaliwa bustani nyingine yenye jina la marehemu.

Kwa mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, bustani hii ndiyo iliyokuwa ng'ambo. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua mwaka 1969, hekta 12.9 hivi za nyasi na miti kandokando ya katikati ya jiji, na mlangoni hakuna aliyekudai tikiti. Hilo la tikiti ndilo jambo lenyewe. Ulihitaji nauli ya matatu tu, na kama nauli haikutosha, miguu ilitosha. Chapati zilitoka nyumbani zimefungwa kwenye gazeti, jusi ya kukoroga ikiwa kwenye chupa iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, na onyo lilitolewa mapema, kabla hatujafunga mlango: nisisikie mtu akiomba soda. Pesa iliyobaki ilikuwa ya bembea, na ya boti.

Dakika kumi za mwenye boti zilikuwa saba. Tulilijua hilo, naye alijua kwamba tunajua. Alipiga makasia taratibu tukielekea katikati ya ziwa, halafu akarudi mbio mbio kama aliyeitwa na mkewe, na foleni ikacheka. Mpiga picha naye alichukua pesa leo, picha njoo wiki ijayo. Hakuna risiti wala anwani, ila mtu mwenye koti la mifuko mingi aliyekwambia utanikuta chini ya mti ule. Na wiki iliyofuata ulimkuta chini ya mti ule. Nitajie taasisi ya nchi hii inayoaminika kiasi hicho.

Wengine pia walikuwa na haki yao pale. Wahubiri wa saa saba mchana waliotutisha na jehanamu tukilamba askrimu. Wapenzi waliojifunika leso moja juani. Wanaume waliotoka kuzunguka Industrial Area wakitafuta kazi bila kuipata, wakajilaza nyasini viatu vikiwa chini ya kichwa, kwa sababu kurudi nyumbani saa nne asubuhi ni kukiri kushindwa mbele ya watoto. Hawa nao walifungiwa nje. Sikusikia mtu akiuliza walienda kulala wapi.

Nitaambiwa palikuwa pachafu. Kweli. Maji ya ziwa lile yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na jioni ukipitia vichakani ulishika mfuko wako kwa mikono miwili. Lakini uchafu huo ni wa nani? Mtoto anayepanda bembea ndiye aliyetakiwa kuleta fagio na taa za usiku? Kwa miaka na miaka bustani iliachwa bila matunzo ya maana, kisha uchafu uliozaliwa na uzembe huo ukageuzwa kuwa shitaka dhidi ya wanaoitumia. Ni sawa na kumnyima mtoto sabuni mwezi mzima, halafu umfukuze nyumbani kwa sababu ananuka.

Tena bustani ya hekta 12.9 haingeweza kukarabatiwa nusu kwa nusu? Hata mama anayepiga deki sebule ya futi kumi kwa kumi huwahamishia watoto upande mmoja, akamaliza, akawahamishia upande wa pili. Hawatoi wote nje mvua ikinyesha. Na sisi tulifungiwa wakati gani? Tulikuwa tumetoka kukaa mwaka mzima tukiogopana kwa sababu ya corona, watoto wamesahau kukimbia, na sehemu kubwa ya wazi isiyo na kiingilio ndiyo iliyotiwa kufuli.

Bustani hii haikubaki hai kwa bahati. Mwaka 1989 serikali ya chama cha KANU ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote Afrika, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, hata kwa balozi wa Uingereza, akiuliza kama wangekubali jengo la namna ile katikati ya Hyde Park kule London. Wabunge wakamtukana bungeni, wakaliita kundi lake la wanawake genge la waliotalikiwa. Akafukuzwa ofisini. Hakunyamaza, wafadhili wakajitoa, jumba likafa. Miaka michache baadaye, mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye pembe ya bustani hii hii, polisi wakawapiga, na pembe hiyo ikapata jina la Freedom Corner. Mwaka 2019 tukasikia barabara ya juu inataka kumega kipande. Watu wakapiga kelele, ramani ikabadilishwa.

Ghorofa 60 zilishindwa. Mabati yalifaulu kwa siku moja. Wangari alituaga mwaka 2011, na naona kuna waliohesabu miaka kumi ya matanga kisha wakaanza kazi.

Linaloniuma zaidi ni hili: tarehe 27 Agosti 2010 Katiba yetu ilizinduliwa juu ya nyasi zile zile, Rais Kibaki akaitia saini umati ukishangilia. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Mwenye boti alishirikishwa lini? Mpiga picha aliketishwa mkutano gani? Tangazo la kufunga lango si mazungumzo, hata likipigwa mhuri.

Michoro ya bustani mpya ilizunguka simuni. Ni mizuri, sikatai. Imejaa watu wembamba wanaotembea polepole, kila mmoja na kikombe cha kahawa. Nimeivuta picha kwa vidole viwili nikamtafuta mama mwenye chapati ndani ya gazeti. Hayumo. Wala hayumo kwenye yale maduka makubwa tulikoelekezwa tupeleke watoto, ambako bembea imewekwa ndani ya wavu na msichana mwenye sare anamhesabia mtoto dakika. Huko dakika kumi ni kumi kamili, na bei yake ingelisha nyumba ugali wa siku mbili.

Wanasiasa waliokuwa wakihutubia pale siwahurumii. Uchaguzi ukifika hupata viwanja vingine vya kutuahidi mambo.

Mimi nataka jibu la jambo dogo. Boti si kijiko, haipotei chini ya kochi. Zile za Uhuru Park zilikuwa nyingi, za rangi rangi, na kila moja ilikuwa inalisha nyumba ya mtu. Mlizipeleka wapi? Na yule mzee wa makasia, anayedaiwa dakika tatu na kila mtoto aliyewahi kukulia mjini hapa, mlimwambia aende wapi?