Daraja la Padre Peter na Mabati ya Vigango Vyetu

Sisi waseminari tukipelekwa vigangoni kwa mazoezi ya kichungaji, jambo la kwanza tunaloonyeshwa ni jiwe la msingi. Jina la askofu lipo, tarehe ipo, pengine na jina la mfadhili. Kisha mvua inanyesha katikati ya Misa na waamini wanasogeza mabenchi kukwepa matone. Tukiuliza, tunaambiwa michango ya ujenzi ilikoma siku ya kutabaruku kanisa.

Tulizikumbuka mvua hizo tulipokuwa tukijisomea habari za Daraja la London; si hili la leo, bali lile la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1176. Aliyelisimamia alikuwa padre, Peter wa Colechurch, mhudumu wa kanisa dogo la parokia ndani ya mji. Katika Ulaya ya wakati ule kujenga daraja kulihesabiwa kuwa tendo la huruma, kama kumkaribisha mgeni, na maaskofu walitoa rehema kwa waliochangia.

Kazi ilikuwa ngumu. Mto Thames pale London hupanda na kushuka pamoja na maji ya bahari mara mbili kwa siku, na mafundi walilazimika kupigilia magogo kwenye tope la chini kabla ya kuweka jiwe lolote. Nguzo 19 zilisimamishwa hivyo. Kila moja ilizungushiwa boma la magogo na mawe ili isiliwe na maji, na maboma hayo yaliubana mto hata maji yakawa yanaporomoka kwa kasi kati ya nguzo. Wapiga makasia wengi walizama hapo kwa karne nyingi, kwa hiyo hatusemi daraja la padre halikuwa na kasoro.

Karibu na katikati yake kilijengwa kikanisa cha Mtakatifu Thomas Becket, mfiadini aliyeuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170. Mahujaji waliotoka London kwenda kaburini pake walipita juu ya daraja hilo. Padre Peter alifariki mwaka 1205, miaka minne kabla ya kazi kukamilika, akazikwa katika kikanisa hicho. (Mwaka 1535 vichwa vya Watakatifu John Fisher na Thomas More vilitundikwa kwenye lango la daraja hilohilo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Kilichotugusa zaidi ni upande wa fedha. Juu ya daraja zilijengwa nyumba na maduka, na kodi yake ikawa ya kulitunza. Watu walipoandika wosia waliliachia ardhi na nyumba, wakihesabu kwamba wamemtolea Mungu. Mwishoni mwa utawala wake Mfalme Henry III akampa mkewe, Malkia Eleanor, mapato hayo. Fedha zikaenda kwa malkia, matengenezo yakadorora, na katika baridi kali ya 1281 kuingia 1282 matao matano yakaanguka. Barafu ndiyo iliyoyasukuma, lakini yalikwisha kuachwa yachakae.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 104 la sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, anaeleza kwamba mjenzi ni chanzo cha nyumba kujengwa, si cha nyumba kuendelea kuwepo. Mungu peke yake huumba na kuhifadhi kwa tendo lilelile. Mwanadamu akishajenga anaweza kuondoka, na paroko huhamishwa. Ndiyo maana mwanadamu anahitaji mfuko.

Baadhi ya wenzetu hapa seminarini husema mambo ya mabati na hesabu ni ya walei, padre abaki altareni. Tunawaelewa, maana tumeona padre akichoshwa na saruji hata homilia ikawa tangazo la michango. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 537, inadai kila parokia iwe na baraza la uchumi la kumsaidia paroko. Wajibu ni wa wote wawili.

Daraja lenyewe lilibomolewa baada ya jipya kufunguliwa mwaka 1831. Mfuko wake haukufa. Leo unatunza madaraja matano ya Thames, na ziada yake huenda kwa mashirika yanayowasaidia wahitaji wa London.

Kwa maparoko wetu na mabaraza ya walei tuna ombi moja. Kabla ya kumwalika askofu abariki jiwe jingine la msingi, waamini wasomewe kwanza, baada ya Misa, ni fedha ipi itakayobadilisha mabati ya kanisa lililopo.