Kuku akichechemea, mgeuze kwanza kabla ya kununua OTC

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kwenye simu ni huu: "Shikamoo dokta, kuku wangu anachechemea, nimpe dawa gani?" Unafuatana na picha ya kuku mzima, imepigwa kutoka mlangoni mwa banda. Nikiuliza kama amekamatwa akaangaliwa unyayo, kimya. Baada ya nusu saa: "Nimeshawawekea OTC kwenye maji, dokta."

Vijana wenzangu, hapo ndipo ninapogombana na nyie. Na lawama naanza nayo mimi mwenyewe. Nilipoanza kazi hii jibu langu lilikuwa hilo hilo: mpe OTC siku tano, asipopona nipigie. Watu walikuwa hawapigi, nikajipongeza kwamba kuku wanapona. Siku hizi naamini wengi walipona kwenye sufuria.

Msimamo wangu wa sasa ni kwamba kuku wa uani anayechechemea mara nyingi ana shida ambayo dawa ya kwenye maji haiigusi. Shida iko kwenye kichanja anacholalia, kwenye chakula, au kwenye chanjo ambayo hakupata siku aliyoanguliwa. Ukimwaga OTC kwenye ndoo unawanywesha kuku wote 80 kwa ajili ya wanne, na mayai ya wote yanaanza kubeba masalia ya dawa. Pakiti imeandikwa muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza. Tuseme ukweli: ni nani kati yetu huwa anayaacha yale mayai? Trei zinakwenda dukani na kwa muuza chipsi kama kawaida. Mlaji hajui lolote, na vijidudu vinavyoizoea dawa bandani mwako ndivyo vitakavyokusumbua siku utakapoihitaji kweli.

Mwezi uliopita niliitwa na kijana mmoja anayefuga chotara 80 nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Wanne wanachechemea, dozi mbili zimeshaisha. Nikamshika mmoja, nikamgeuza, nikamwonyesha unyayo: umevimba, katikati kuna kigaga cheusi kigumu. Nikamwambia sasa tuangalie juu. Vichanja alivitengeneza kwa mabaki ya mbao za kenchi, vina kona kali, vimefika kifuani kwangu. Chini, chombo cha maji kinavuja na maranda yamelowa yakaganda kama tofali. Kila asubuhi kuku mzito anaruka kutoka huko juu na kutua kwenye tofali. Ngozi ya unyayo inachanika, vijidudu vya kwenye uchafu vinaingia, jipu linaanza. Hiyo OTC ingefanya nini?

Jipu la kuku lina tabia yake. Usaha wake hautiririki kama wa ng'ombe, unaganda mkavu kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi, kwa hiyo kumkamua ni kumtesa bure. Likiwa dogo na halijaenda ndani, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 10 hadi 15, kausha, paka ayodini, funga kwa bandeji safi. Mweke peke yake kwenye maranda makavu, ubadilishe bandeji kila siku moja au mbili mpaka ngozi ifunge. Vaa glavu, maana vijidudu vile vinaweza kuingia kwenye kidonda chako pia. Likiwa kubwa na gumu, au uvimbe umepanda kwenye kiungo, mwite daktari wa mifugo alipasue, na yeye ndiye aamue kama antibayotiki inahitajika. Usijaribu kwa wembe kwa sababu uliona kwenye video. Vichanja vya yule kijana tulivishusha mpaka usawa wa magoti, tukapiga randa kona zikawa duara, misumari yote ikang'olewa. Kazi ya mchana mmoja, gharama soda mbili.

Kwa kuku wa kienyeji waliokaa miaka bandani naona zaidi ukurutu. Magamba ya miguu yananyanyuka, yanajaa ungaunga mweupe, mguu unanenepa kama umevaa soksi. Ni utitiri mdogo mno, macho hayauoni, unachimba chini ya magamba. Bibi zetu walipaka mafuta ya taa, na siku hizi kuna wanaopaka oili chafu ya pikipiki. Zote zinaunguza ngozi, na kuku anapojidonoa anazimeza. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani bila kubandua magamba, kausha, halafu paka vaselini au mafuta ya kula kwa wingi ili utitiri ukose hewa. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Magamba mapya yanachelewa kuota, ukiacha wiki ya kwanza umefanya bure. Wapake wote wanaolala pamoja, na vichanja navyo visuguliwe.

Kuna yule anayekaa chini baada ya kutaga, miguu haina nguvu. Mara nyingi huyu ndiye mtagaji wako bora. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu; asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Najua chakula cha mayai ni ghali na wengi mnakirefusha kwa pumba, lakini pumba haina kalsiamu ya maana. Weka chokaa ya mifugo au makombe ya baharini yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni, ale kadiri anavyotaka. Vifaranga na mitetea ambao hawajaanza kutaga wasile chakula cha watagaji, kalsiamu ile inaharibu figo zao. Halafu kuna kichekesho hapa: OTC na kalsiamu hushikana tumboni, dawa nyingi inatoka na kinyesi bila kuingia mwilini. Yaani hela umetoa, mayai umeyaharibu, na kuku hata hakutibiwa.

Kifaranga anayekunja vidole kwa ndani kama ngumi anakosa vitamini B2. Unga wa vitamini wa kwenye maji unasaidia ukiwahi, ukichelewa vidole havinyooki tena.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni mahepe. Kuku wa miezi miwili mpaka minne, hana kidonda, ghafla analala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma kama mcheza sarakasi. Hakuna dawa, iwe ya dukani au mwarobaini wa shangazi. Kinga ni chanjo anayochomwa kifaranga siku ya kwanza, pale pale alipoanguliwa, maana virusi vinakaa miezi kwenye vumbi la manyoya bandani. Sasa vijana wengi mmenunua mashine za kutotolesha na mnauziana vifaranga mtaani. Chupa ya chanjo mara nyingi ni ya dozi 1,000, na ikishachanganywa haifiki jioni. Wewe una vifaranga 120. Unaona hasara, unaruka. Mnunuzi anaambiwa "wamechanjwa hawa", kumbe ni kideri peke yake.

Mimi nasema huo ni wizi, hata kama muuzaji ni rafiki yangu. Mkiwa wenye mashine wanne au watano mtaa mmoja, pangeni vifaranga vyenu viangulike siku moja, mchangie chupa, mumwite mtu anayejua kuchoma. Hata dozi zikibaki mkazimwaga, ni nafuu kuliko mtetea uliyemlisha miezi mitatu kisha akapooza wiki chache kabla ya yai la kwanza. Na wewe mnunuzi, kabla ya kutuma pesa uliza: mahepe wamechomwa? Akianza kujikanyaga, tafuta kwingine.

Kuku wa mahepe asiyeweza kufika kwenye maji usimpeleke mnadani, unamuuzia mwenzako virusi. Mchinje umalize mateso yake, umfukie. Wakilegea wengi kwa mpigo, shingo zinapinda na kinyesi ni cha kijani, hilo si suala la miguu tena. Huenda ni kideri, au mdondo kama wengine mnavyouita. Nipigie siku hiyo hiyo na asitoke kuku hata mmoja nje ya geti.

Yule kijana wa vichanja alinitumia picha juzi. Watatu wanakanyaga vizuri. Wa nne tulichelewa, uvimbe ulishaingia kwenye kiungo, akamchinja. Picha zote zilikuwa za nyayo.