Shangazi na Pangaboi

Leo nawapeleka kwetu Majengo, Songea, nilikokuwa likizo ya siku nane. Siku nne kati ya hizo ziliishia kwenye kesi moja tu: Shangazi apande ndege au asipande?

Kisa ni nyonga. Madaktari wamemwandikia aende Muhimbili, na kukaa kitako saa nyingi hawezi. Kwa basi ni kuondoka alfajiri, Njombe, Makambako, Iringa, uteremke Kitonga roho mkononi, Mikumi, Morogoro, Dar unaingia giza limeshatanda na miguu imevimba. Kwa ndege kutoka Ruhuwiko ni safari ya asubuhi tu, chai ya pili unainywea Dar. Watoto wake wakachangishana, nauli ikatimia. Bibie akagoma.

"Hiyo pangaboi yenu pandeni wenyewe. Mmeshasahau Bukoba?"

Nani asahau? Jumapili ya Novemba 6, 2022, ATR ya Precision Air iliyotoka Dar ilitumbukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwemo watu 43. Waliofariki ni 19. Wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Basi mimi mtoto wa mjini nikajifanya mjuaji. Nikamwambia, Shangazi, zama zimebadilika, hata hapa Songea kuna rada! Na si kamba. Miaka mingi nchi nzima ilitegemea rada moja ya Dar, iliyokuwa ikiona kama robo tu ya anga letu. Agosti 2017 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kiraia, kwa zaidi ya shilingi bilioni 60: Dar, KIA, Mwanza na Songea yetu hii. Rada ya namna hiyo inarusha swali angani, na kifaa kilichomo ndani ya ndege kinajibu: mimi ni fulani, niko juu kiasi hiki. Mwongozaji anaona kwenye skrini nani yuko wapi. Ndege kubwa nazo huulizana zenyewe kwa zenyewe, na zikikaribiana vibaya rubani mmoja anaambiwa panda, mwenzake shuka.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile ya Bukoba haikuwa na mashine?"

Nikaishiwa pozi. Ilikuwa nayo. Kipo kifaa kinachopima ndege inavyoikaribia ardhi, na ikishuka kwa kasi mno kinapiga kelele kwa sauti kama ya mtu. Wachunguzi wetu walieleza kwamba siku ile onyo lilitoka, lakini hatua ya kurekebisha haikuchukuliwa.

Binamu yangu akadakia: "Basi waiache kompyuta irushe yenyewe!" Kijana wa simu huyo, mumsamehe. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliruka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Kihisio kimoja kikatoa taarifa ya uongo kwamba pua imeinuka mno, programu ikaamini, ikawa inaikandamiza pua chini huku marubani wanapambana kuivuta juu. Wakafa wote 157. Chini ya miezi mitano kabla, nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. MAX zote zikazuiwa duniani mpaka programu ile irekebishwe, ilinganishe vihisio viwili badala ya kuamini kimoja. Ile MAX 9 aliyopokea Air Tanzania Oktoba 2023 ilikuja baada ya marekebisho hayo.

Kwa hiyo Bukoba mashine ilisema kweli, Ethiopia ikadanganya. Mimi siku hizi nikisikia ndege mpya imepokelewa kwa ngoma na matarumbeta, swali langu ni moja: marubani wanarudi darasani mara ngapi, na anayewakagua ni nani? Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulizuia mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania kuruka katika anga lake. Walilalamikia uhaba wa wataalamu na ukaguzi usio makini. Hayo hayanunuliwi Ufaransa yakaletwa ndani ya kontena.

Shangazi alikubali mwishowe, kwa sharti nimsindikize. Tukapanda. Mhudumu akaanza maelezo yake ya mkanda na jaketi, mimi nina vidude masikioni, Bongo Fleva inapiga. Nikapigwa kiwiko. "Toa hayo madude, mtu anaongea!" Akasikiliza kama yuko kanisani: jaketi lisijazwe upepo ukiwa bado ndani ya ndege. Nikakumbuka ile ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro mwaka 1996. Waliojaza ndani waliinuliwa na maji hadi darini, wakashindwa kutoka.

Tulitua salama. Kwenye teksi akanigeukia.

"Haya mjuaji, kutoka tulipokaa mpaka mlango wa dharura vilikuwa viti vingapi?"

Kimya.

"Vitano," akasema, akaendelea kukunja kanga yake.