Mshale Unasema Hivi, Kompyuta Inasema Vile

Jamani, hii tabia ya kung'oa themostati tutaiacha lini? Peleka gari kuukuu gereji huku kwetu Mountain View, useme mshale wa joto uko chini lakini mashine ya fundi inasoma digrii 98. Jibu ni lile lile: "Toa themostati, Afrika ni joto." Afrika gani? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Julai tunashinda na sweta!

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kwetu, namba mbili zikipingana, tunauliza kwanza kila moja imetoka wapi. Corolla 110, kama Toyota nyingi za miaka ya 1990, ina sensa mbili. Ya waya mmoja huendesha mshale wa deshibodi. Ya nyaya mbili huiambia kompyuta ya injini petroli iwe kiasi gani. Moja yaweza kudanganya na nyingine isijue.

Ile ya waya mmoja hutegemea chuma cha injini kurudisha umeme. Ikizungushiwa tepu ya mafundi wa mabomba (nimeiona kwa macho yangu!), au waya wa athi ukishika kutu, mshale hulala hata injini ikichemka. Washa taa kubwa. Mshale ukitikisika, anza na athi.

Ya nyaya mbili ichomoe uipime kwa mita: digrii 20, omu 2,000 hadi 3,000, digrii 80, omu 200 hadi 400. Sufuria ya maji na kipimajoto vinatosha, ila kumbuka hapa maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Zote mbili zikiwa nzima, tafuta hewa iliyonaswa kwenye maji ya injini. Ikirudi kila ukiitoa, shuku gasketi ya hedi.

Haya, ng'oa themostati. Injini haipati joto lake, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inazidi kumwaga petroli. Unalipa wewe. Na athi mbovu bado ipo pale pale! Siku rejeta itakapovuja kwenye foleni ya Waiyaki Way, mshale utalala vile vile mpaka hedi ya alumini ipinde.

Fundi anayebisha aje na mita. Sufuria nitaleta mimi.