Maoni: Kwa muziki, simu ya bei kubwa si lazima ishinde simu ndogo

Katika maduka ya simu ya Goma, Bukavu na Bunia, kijana anayetafuta simu ya kusikilizia muziki huuliza kwanza jina: iPhone, Samsung, Tecno, Infinix ao itel? Lakini jina peke yake halimsaidii. Anapaswa kuuliza simu hiyo itapiga muziki namna gani siku ambayo hakuna umeme wala mega.

Kwanza aangalie tundu la visikilizio. Apple ililiondoa mwaka 2016, ilipotoa iPhone 7. Samsung ikafuata mwaka 2019 na Galaxy Note10. Mwenye simu za namna hiyo mara nyingi hununua visikilizio visivyo na waya, na hivyo navyo vinataka kuchajiwa. Kwa mkaaji anayelipa feza kila anapochaji simu yake, hicho ni chombo cha pili cha kulipia.

Pili ni kadi ya memori. iPhone haijawahi kuwa na nafasi yake, na Samsung iliiondoa kwenye Galaxy S21 mwaka 2021. Lakini simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, bado zinayo. Wimbo wa dakika 4 una karibu mega 4. Kwa hiyo kadi ya giga 8 inaweza kubeba nyimbo karibu 2.000, na kuzisikiliza hakuli mega hata moja. YouTube ya bure inakula mega kila wimbo, tena kwa kawaida inanyamaza kioo kinapozimwa. Na rafiki mwenye Tecno hawezi kumtumia mwenye iPhone wimbo kwa Bluetooth, jambo ambalo vijana hufanya kila siku.

Tatu ni redio FM. Simu nyingi ndogo za vibonyezo zinayo, na iPhone haina. Hapa si muziki tu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika. Siku kama hizo, simu yenye batri ya siku kadhaa inaweza kunasa redio yoyote ambayo bado iko hewani. Raia anayetaka kujua kama njia iko salama hana haja ya kioo kikubwa.

Ni kweli, iPhone na Samsung za bei kubwa zina sauti safi zaidi. Spika ya simu ndogo mara nyingi inapiga kwa nguvu lakini inakwaruza. Mwenye umeme wa kudumu na feza za mega hatajuta kuzinunua. Ila wakaaji wengi wa mashariki hawaishi hivyo, na wauzaji wanalijua. Wanapaswa kumwambia mnunuzi, kabla hajalipa, ni kitu gani kimeondolewa kwenye simu hiyo.

Naye mnunuzi asiende dukani mikono mitupu. Abebe kadi yake yenye nyimbo na visikilizio vyake vya waya, avichomeke, afungue redio, azime kioo, asikilize. Simu ikishindwa mtihani huo mbele ya muuzaji, nyumbani haitakuwa bora.