Walimlenga Amazon, Wakampiga Mama wa Sweta

Wasee, kuna wale hupenda kutuambia Ulaya ndio wanajua kutunga sheria. Sawa, tuangalie hii moja.

Kabla ya 2015, Amazon ilikuwa inauzia watu wa Ulaya vitabu vya kidijitali kutoka Luxembourg, penye VAT ya asilimia 3 tu. Umoja wa Ulaya ukasema imetosha: kuanzia Januari 1, 2015, VAT ya bidhaa za kidijitali inafuata nchi ya mnunuzi. Hapo niko na wao.

Shida ni kwamba hawakuweka kiwango cha chini. Uingereza, wakati huo ikiwa bado ndani ya Umoja, biashara yenye mauzo chini ya pauni 81,000 kwa mwaka haikulazimika kujisajili VAT. Ghafla mama anayeuza michoro ya kufuma sweta mtandaoni akiuzia Mfaransa mmoja tu, anadaiwa VAT ya Ufaransa. Alete ushahidi wa aina mbili kuonyesha mnunuzi anaishi wapi. Aweke rekodi miaka 10. Kwa mchoro wa euro 3, jameni!

Amazon ina jeshi la wahasibu. Huyu ana laptopu na meza ya jikoni.

Wadogo walipiga kelele, na 2019 ndipo wanaouza nje chini ya euro 10,000 kwa mwaka wakaruhusiwa kufuata VAT ya kwao. Miaka 4 kungoja kitu cha mstari mmoja!

Kwa hivyo usiniambie "sheria ni moja kwa wote." Kumbebesha mtoto gunia la mtu mzima si usawa. Kinga ya wadogo iandikwe siku ya kwanza, si baada ya watu kufunga duka.